Kiingilio na Tunzo

Katika lugha yetu fedha anazotoa mtu kwa ajili ya mchezo zina majina mawili, na majina hayo hayabadilishani nafasi. Zile anazotoa mlangoni kabla hajaingia huitwa kiingilio. Zile anazotoa akiwa ndani, mchezo au taarabu ikiwa inaendelea, akainuka pale alipokaa, akamfuata mwimbaji na kumtia noti mkononi, huitwa tunzo. Shilingi ni ile ile moja, lakini mtoaji wa kwanza bado hajaona kitu, na wa pili ameona. Nimelifikiria jambo hili dogo kwa muda mrefu, kwa sababu ya swali ambalo limenijia nikiwa tayari mtu mzima mwenye wajukuu. Mchezo wa kuigiza unapotolewa jukwaani ukageuzwa filamu, na filamu ile ikapimwa kwa fedha ilizoingiza, hesabu ile inatwambia nini? Inatwambia kwamba mchezo ulikuwa mzuri? Kwamba ulisema kweli? Au inatwambia tu kwamba watu wengi walifika mlangoni?

Msomaji asidhani kuwa swali hili ni la watu wa Hollywood na Bombay peke yao. Limefika hadi hapa Makangale, katika ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba, ambako barabara itokayo Konde hupita ndani ya msitu wa Ngezi, na ikishatoka msituni haina tena pa kwenda ila Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa na bahari. Hapa kwetu hapakupata kuwa na jumba la sinema. Aliyetaka sinema alikwenda Wete au Chake Chake, na hizo nazo zilikwisha zamani. Lakini swali limefika, limeletwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, nami nitalieleza nikishasema kwanza ninachokijua juu ya filamu zenyewe.

Kwa watu wa rika langu, ukitaja filamu iliyotokana na mchezo wa jukwaani hatuanzi na Shakespeare. Tunaanza na Wahindi, ijapokuwa wengi wetu hatukujua kwamba tulichokuwa tukikitazama kilitoka jukwaani. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, ilitokana na mchezo wa jukwaa la Waparsi. Indra Sabha, ya mwaka 1932, ilitoka katika mchezo wa Agha Hasan Amanat wa karne ya kumi na tisa, na ndani yake zilitiwa nyimbo zipatazo sabini. Yahudi, ya mwaka 1958, ilitokana na mchezo wa Agha Hashar Kashmiri. Ule mtindo wa kuacha mazungumzo ghafla na kuanza kuimba, ambao sisi tuliuona kuwa ndiyo asili ya sinema, kumbe ulikuwa ni tabia ya jukwaa iliyohamia kwenye kitambaa cheupe. Na kutoka pale ukahamia kwetu, maana waimbaji wetu wa taarabu walizichukua sauti zile wakazitilia maneno ya Kiswahili, na mpaka leo kuna bibi arusi wanaochezewa nyimbo ambazo shina lake ni jukwaa la Bombay.

Lakini iliyo kubwa kuliko zote ni Mughal-e-Azam. Mwaka 1922 kijana mmoja wa Lahore, Imtiaz Ali Taj, aliandika mchezo wa Kiurdu aliouita Anarkali. Kisa chake wengi wanakijua: mfalme Akbar ana mwanawe, Salim, Salim anampenda mcheza ngoma wa kasri, baba anakataa, binti anahukumiwa kuzibwa ukutani akiwa hai. Wanahistoria wanakihesabu kisa hiki kuwa ni hekaya, na Taj mwenyewe hakudai zaidi ya hapo. Mchezo ulichezwa, kisha zikafuata filamu, ya kwanza bado zama za sinema bubu.

Hapa ndipo panaponishangaza, na ninamwomba msomaji apaangalie kwa utulivu. Mwaka 1953 Bombay ilitoa filamu iliyoitwa Anarkali, na katika filamu hiyo binti anafia ukutani. Iliongoza kwa mapato filamu zote za India za mwaka ule. Miaka 7 baadaye, Agosti 1960, K. Asif akatoa Mughal-e-Azam, aliyokuwa amehangaika nayo tangu katikati ya miaka ya 1940. Mfadhili wake wa kwanza alihamia Pakistan baada ya nchi kugawanywa mwaka 1947, mwigizaji aliyekuwa acheze Akbar akafa, na kazi ikaanza upya kwa fedha za tajiri mmoja mjenzi wa majumba. Ilikula zaidi ya rupia milioni 10, fedha ambazo hazikuwa zimepata kutumika katika filamu moja ya nchi ile. Na katika filamu hii Anarkali hafi. Akbar amewahi kumwahidi mama yake binti kwamba atampa lolote atakaloomba, na mama anaomba roho ya mwanawe. Mfalme anamtoa binti kwa njia ya chini ya ardhi, kwa siri, kwa sharti kwamba Salim asijue milele. Filamu hiyo ilivunja hesabu zote za mapato nchini India, na hapana iliyoipita hadi Sholay ya mwaka 1975.

Mwisho mmoja ni mauti, mwingine ni rehema, na miisho miwili hiyo ya mchezo mmoja, kila mmoja kwa zamu yake, ulikuja kukaa juu kabisa. Basi ukiuliza mlango wa sinema upi kati ya miisho hii ndio wa haki, mlango hauna jibu. Umewapokea wote.

Mimi niliiona Mughal-e-Azam mjini Unguja katika miaka ya 1970, ilipokuwa imerudishwa tena kwa sababu watu walikuwa hawachoki nayo. Urdu sikuijua, wala aliyekaa kushoto kwangu, wala wa kulia. Tulijua nani baba, nani mwana, nani anayenyimwa. Nililia, sioni haya kulisema. Lakini kwa muda wa wiki nzima baadaye nilikuwa nikijiuliza juu ya ile njia ya chini ya ardhi. Mfalme yule amewaridhisha wote: ameshika sheria mbele za watu na ameshika ahadi kwa siri. Baba yeyote aliyekuwa mle ukumbini, aliyemkatalia mwanawe mchumba, angeweza kutoka akisema moyoni kwamba hata yeye ndani kwa ndani ni mtu wa huruma, ila watu hawajui. Taj hakumpa baba mtu njia ya kutokea.

Sasa turudi kwenye kiingilio. Filamu hii ilipokaribia kuanza huko Bombay, watu walipiga foleni kwa siku kadhaa, wakilala pale pale na kuletewa chakula kutoka majumbani. Watu wale hawakuwa wameiona. Walizisikia nyimbo, walisikia sifa za kioo na dhahabu, wakamwaga fedha zao kwa matumaini. Hapana ubaya, nami ningepanga. Lakini fedha zile ni kipimo cha matumaini ya mtu akiwa nje, si kipimo cha kilichomfika alipokuwa ndani. Atakayesema kwamba wengi walirudi mara ya pili na ya tatu, amesema kweli, na marejeo hayo yanakaribia kuwa tunzo. Bahati mbaya kitabu cha hesabu hakiwatengi. Aliyerudi mara tano kwa sababu moyo wake umeguswa, na aliyeingia mara moja akalala usingizi, na aliyefuata baridi ya feni, wote wameandikwa kwa wino mmoja.

Kuna habari moja juu ya Prithviraj Kapoor, yule aliyecheza Akbar kwa sauti iliyotikisa viti. Sauti ile ilikuwa ya jukwaani. Mwaka 1944 aliunda kundi lake, Prithvi Theatres, akazunguka nalo miji ya India kwa miaka mingi. Inasimuliwa kwamba mchezo ulipokwisha alikuwa akienda kusimama kwenye mlango wa kutokea, ameinamisha kichwa, ametandaza nguo kama mwombaji, na watu wakitoka wakitia walichojaaliwa, fedha zikaenda kwa wenye shida. Mtu mmoja, basi, alikuwa na mlango wa mbele ambapo watu walilipa kabla, na mlango wa nyuma ambapo watu walilipa baada. Natamani ningejua mlango upi yeye mwenyewe aliuamini zaidi.

Mifano ya Wazungu nitaipita kwa haraka, kwa kuwa haibadilishi neno ila inalikaza. Mchezo wa muziki uitwao Cats ulianza London mwaka 1981 ukachezwa huko miaka 21 bila kukatika. Ulipogeuzwa filamu mwaka 2019, kwa gharama ya dola milioni 95 hivi, ulirudisha kama milioni 75 dunia nzima, na ukawa mzaha. Wicked, uliokuwa jukwaani tangu 2003, ulipofanywa filamu mwaka 2024 ulipita dola milioni 700. Atakayenieleza kwa fedha hizo peke yake ni mchezo upi kati ya miwili hiyo ulio bora, nitampa jogoo. Na Casablanca ya mwaka 1942, ambayo watu bado wanaitazama, ilitokana na mchezo ambao ulikuwa haujapata kuchezwa jukwaani hata siku moja. Waandishi wake wawili waliuza maandishi kwa dola 20,000. Kwa kipimo cha mlango, mchezo ule siku ulipouzwa thamani yake ilikuwa sufuri: hakuna mtu aliyewahi kulipa kuuona. Mnunuzi alinunua karatasi.

Hata hivyo siwezi kukidharau kiingilio, na nitasema kwa nini. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1960, sinema iliyotufikia sisi wa shamba ilikuwa ya gari la serikali. Lilikuja likafunga kitambaa uwanjani, mashine ikanguruma, tukakaa chini. Haikuwa na kiingilio. Tulionyeshwa mbu, tulionyeshwa namna ya kuchimba choo, na tukibahatika tukaonyeshwa kichekesho kifupi cha mtu anayeanguka. Tulishangilia vyote sawasawa, maana hatukuwa na lingine. Hatukulipa, na kwa sababu hiyo hatukuwa na njia ya kukataa. Mchukuzi wa bandarini aliyeshika senti zake mbele ya dirisha la tiketi alikuwa na neno, anaweza kugeuka akaenda zake, na mwenye sinema akigeukiwa na mia mbili hivi atasikia. Sisi uwanjani hakuna aliyetusikia, na gari lilirudi na mbu wale wale mwaka uliofuata. Kwa maskini, kukataa kulipa ni aina ya usemi, na mahali pengine ni usemi pekee alionao. Anayesema fedha hazina maana katika sanaa aghalabu ni mtu ambaye kazi yake inalipiwa na mtu mwingine.

Nimefika sasa kwenye jambo letu la Makangale.

Mwaka 2019 vijana wa hapa, wakichanganyika na wakubwa wachache, walicheza mchezo katika uwanja wa skuli, baada ya Isha, kwa taa mbili za umeme. Maneno niliyaandika mimi katika daftari la shule, lakini mengi yalibadilishwa na wachezaji wakati wa mazoezi, kwa hiyo sijui niseme ni wa nani. Kisa chake ni cha mirathi. Baba amefariki akaacha kipande cha mikarafuu. Kaka amebaki na shamba, dada ameolewa kijiji cha mbali. Kila msimu dada akiuliza fungu lake, nusu ya fungu la nduguye kama dini ilivyompangia, kaka humwambia miti iliyomwangukia yeye imekauka. Msimu mmoja dada anakuja bila kuarifu na kuikuta karafuu imeanikwa uani, jamvi kwa jamvi. Anasimama, ananusa, anasema: "Kaka, miti yangu umeniambia imekufa. Mbona majamvi yako yananuka maiti wazuri hivi?"

Aliyecheza dada ni mama mmoja anayelima mwani, ambaye hakuwa amepata kusimama mbele ya watu maishani mwake. Alipolisema neno lile kulikuwa kimya. Kisha upande wa wanawake akainuka bibi mmoja mtu mzima sana. Alitembea pole pole akakata uwanja mzima, akafika mbele yake, akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya shilingi 1,000, akamtia mkononi, akarudi kukaa. Hakusema neno. Wakafuata wengine. Mchezo ulisimama kwa dakika kadhaa, na mama yule, asiyejua afanye nini, aliendelea kusimama na kiganja wazi. Tulipohesabu baadaye zilikuwa shilingi 14,500, ndiyo mapato yote ya mchezo wetu.

Ninazitaja fedha hizo kwa sababu kila moja ina mahali ilipotolewa. Hakuna iliyotolewa kabla ya neno lile, na hakuna iliyotolewa kwa kaka, ijapokuwa kijana aliyemcheza kaka alikuwa ndiye fundi wetu hasa. Aliyetunza hakusema "mchezo huu mzuri". Alisema "hili limenipata", na alilisema mbele ya kaka zake wakiwa wamekaa upande wa pili. Wanaojua taarabu wananielewa: mwanamke haendi kutunza sauti nzuri, anakwenda kutunza ubeti wenye jina lake ndani, na walengwa wakimwona anakwenda wanajua.

Mwisho wa mchezo wetu kaka hatubu. Dada anaondoka, taa moja inazimwa, kaka anabaki chini ya taa ya pili akihesabu magunia, na hesabu yake inakosea, anaanza tena, inakosea. Kisha giza. Watu walikaa wakingojea kitu kingine. Kabla ya hapo mtu mmoja wa makamo alikuwa ameondoka, hakungoja mwisho. Msimu wa karafuu uliofuata dada zake wawili walionekana shambani wakichuma na watoto wao, jambo ambalo halikuwa limeonekana miaka mingi. Sisemi ni mchezo uliofanya. Huenda alikuwa na nia hiyo zamani, huenda kulikuwa na mzee aliyemsema. Sikuuliza, na katika kijiji kama hiki mambo kama hayo hayaulizwi.

Mpwa wangu alikuwapo usiku ule. Yeye hukaa Unguja, hupiga picha za harusi kwa kamera nzuri, na ni kijana mwenye akili. Mwaka uliopita alinijia na kusema: "Mjomba, nipe daftari lile nilifanye filamu." Nikamwambia, chukua. Akasema bado, liko sharti. Amempata mtu Dar es Salaam mwenye chaneli kwenye intaneti, aliye tayari kuinunua kwa fedha taslimu, mara moja, haki zote ziwe zake. Lakini mnunuzi ameisoma habari na amesema mwisho ule hauingizi fedha. Anataka kaka aumwe, afilisike, aje kwa dada amelala miguuni analia, dada amsamehe, na wimbo upigwe.

Tulizungumza mpaka usiku mkubwa, na sitaki nimfanye mpwa wangu mjinga kwa kuwa hakuwa mjinga. Aliniambia: "Mjomba, mchezo wako waliuona watu mia tatu, na mmoja aliondoka. Nikiupeleka kwenye simu za watu, watauona laki moja, hapa na Bara na Maskati. Katika laki moja wataondoka wangapi? Wewe unauhurumia mwisho wako, mimi nawahurumia madada wa watu." Hilo ni neno zito, nami nililikaa nalo. Wingi si ujinga. Dada aliyeko Maskati ambaye kaka yake yuko Konde hana njia ya kufika kwenye uwanja wa skuli yetu.

Lakini kuna mambo mawili ambayo hayakuniingia.

La kwanza ni hili. Mnunuzi anasema watu hawataki mwisho ule. Amejuaje? Hakuna mtu aliyelipa bado, wala aliyekataa. Jukwaani tunzo hutolewa neno likishasemwa. Sinema ikaisogeza fedha mbele hadi mlangoni, ikawa inatolewa kwa matumaini. Biashara hii ya filamu zetu imeisogeza mbele zaidi. Wengi wa waigizaji wa filamu za Bara walitoka katika vikundi vya maigizo, kama kile cha Kaole kilichokuwa kikionekana ITV, wakazoea kuuza kazi zao kwa msambazaji kwa bei ya jumla, kabla mtu yeyote hajaona lolote. Hapo hakuna tena mlango wa kuhesabia. Pana mtu mmoja anayekisia watu watataka nini, na kukisia kwake kunaitwa soko. Yule mchukuzi wa bandarini niliyemsifu, aliyekuwa na neno lake kwa kugeuka na kwenda zake, hapa hana nafasi. Ameshasemewa. Na Wahindi wamekwisha kutuonyesha, 1953 na 1960, kwamba mtazamaji hula mwisho mchungu na mwisho mtamu pia.

La pili ndilo lililoninyima usingizi. Kaka akitubu ndani ya filamu, kaka aliyekaa kitako akitazama ametubiwa. Kazi imefanywa na mwingine. Atalia kidogo, atajisikia mwema, atazima simu na kwenda kugeuza karafuu za dada yake zisiungue na jua. Yule mtu wa makamo aliyeondoka usiku ule aliondoka na deni, kwa kuwa mchezo haukumlipia. Tungemlipia pale, angengoja mwisho akatupigia makofi. Na hapo, msomaji, fikiri: kwa kipimo chochote cha mlango, mtu anayeinuka na kuondoka kabla ya mwisho ni hasara. Angekuwa amelipa angedai fedha zake. Kitabu cha mapato kingemwandika mtazamaji pekee ambaye huenda mchezo ulimfikia kuwa ndiye ambaye mchezo ulimshinda.

Niliyasema haya kwa mpwa wangu, akanyamaza, kisha akasema kwamba fedha za mnunuzi zingemaliza kujenga nyumba ya mamake. Mamake ni dada yangu. Hilo nalo nililisikia. Si haki mzee mwenye nyumba yake kumfundisha kijana asiye na nyumba juu ya usafi wa sanaa, nami sikufanya hivyo. Nilimwuliza tu: mnunuzi akisema dada afutwe kabisa, habari iwe ya kaka na shetani wake, bei ikipanda, utafuta? Akacheka akasema inategemea bei. Kisha akaacha kucheka.

Tulichokubaliana ni hiki. Daftari nimempa, na sikutaka kitu. Neno la dada lisiguswe. Mwisho aupige mara mbili, wetu na wa mnunuzi, ampelekee yote miwili aitazame kwanza, maana hajapata kuuona anaoukataa. Mnunuzi akishikilia wake, mpwa wangu ataamua mwenyewe, naye ndiye mwenye kamera na mwenye mama. Mimi nitakuwa nimesema. Nilimwambia pia kwamba akiuza, katika fedha hizo kuna fungu la mama wa mwani na fungu la kila aliyesimama uwanjani usiku ule, na kwamba itakuwa aibu ya ajabu kutengeneza fedha kwa habari ya mirathi halafu tukadhulumiana katika kuigawa. Hilo hakubishana nalo.

Mnunuzi amesema atafikiri, na huu ni mwezi wa tatu anafikiri. Mpwa wangu amekwisha nunua betri mbili na taa. Wiki iliyopita tulikwenda pamoja kwa mama wa mwani kumwomba acheze tena. Alikuwa pwani, anafunga mbegu kwenye kamba, akatusikiliza bila kuinua kichwa. Akauliza ni lini, akauliza avae nguo gani. Kisha akauliza kama watu watakuwapo. Mpwa wangu akamweleza kwamba kwenye filamu watu hawahitajiwi, itakuwa yeye na kaka na kamera, na kukiwa na kelele ndiyo kazi huharibika. Mama akasema basi hataweza, maana neno lile hawezi kuliambia chuma. Tukamwacha afunge mbegu zake. Njiani mpwa wangu alinyamaza mpaka tulipofika kwenye minazi, akaniuliza kama nadhani wanawake wa siku ile watakubali kuja tena kukaa uwanjani usiku, na kama yule bibi wa kanga bado anaweza kutembea.